Mnatunza Kanda, Mnauza Kamera

Kuna kauli inayozunguka kwenye vituo vya televisheni, kwenye vyuo vya uandishi wa habari, na hata miongoni mwa watu wa nyaraka ambao ungetarajia wawe na huruma na vitu vya kale. Kauli yenyewe ni hii: kilicho muhimu ni picha, kamera ni chombo tu. Kanda zihamishiwe kwenye kompyuta, zitolewe nakala mbili tatu, kisha yale madude mazito yaliyojaa stoo yapigwe mnada. Anayekwenda kuyanunua, akayapangusa na kuyahangaikia, huyo ama ana pesa za kuchezea au ana matatizo yake. Mkusanyaji wa kamera za filamu wanamwelewa. Leica ni Leica, Bolex ni Bolex, ukitia filamu leo bado inapiga. Lakini kamera ya televisheni ya mwaka 1968, uzito wake wa kubebwa na watu wawili, isiyowaka bila kabati zima la mitambo nyuma yake? Hiyo, wanasema, ni chuma chakavu chenye lenzi.

Wanaosema hivyo si wajinga. Wengi wao wamepambana na kanda zilizoota ukungu, na wanajua kwamba fungu la nyaraka ndilo la kwanza kukatwa bajeti inapobana. Ndiyo maana kauli yao imepita kila mlango bila kuulizwa inakwenda wapi. Mimi naisimamisha. Picha ya televisheni ya zama za tyubu, lile jicho la kioo ndani ya kamera lililogeuza mwanga kuwa umeme, haisomeki bila kamera iliyoipiga, na watu wanaozisaka kamera hizo kwenye stoo na magereji wanafanya kazi ambayo wenye mishahara ya kuifanya waliikataa.

Chukua kipindi chochote cha muziki cha televisheni ya Marekani au Uingereza cha miaka ya 1950. Mwimbaji kasimama, taa imempiga, hereni zinameta. Tazama pembezoni mwa hizo hereni. Utaona utando mweusi umezizunguka, weusi ambao haukuwamo studioni. Mtazamaji wa leo husema kanda imechakaa. Haijachakaa hata kidogo. Ndivyo ilivyoona tyubu ya imeji othikoni, iliyobuniwa na RCA ya Marekani na kutawala studio kubwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1960. Mwanga mkali ulipopiga bamba jembamba lililomo ndani ya tyubu, elektroni zilirushwa kutoka pale, nyingine zikaangukia jirani na kuifuta picha ya hapo. Weusi ule ni alama ya mashine, na kwa anayejua kuusoma ni ushahidi wa jinsi taa zilivyopangwa siku hiyo. Nimewahi kumkuta kijana hodari wa kompyuta akiuondoa kwa bidii, fremu baada ya fremu, akiamini anapangusa uchafu. Nani wa kumlaumu? Hajawahi kuiona kamera iliyouzaa, wala hakuna aliyemwambia ipo.

Baadaye ikaja Plumbicon ya Philips, tyubu ambayo ndani ya uso wake imepakwa oksidi ya risasi, na rangi ikawezekana kwa uzito wa kuvumilika. Kabla yake rangi ilikuwa mateso. RCA TK-41, kamera iliyobeba matangazo ya rangi ya Marekani katika miaka ya 1950, ilikuwa na imeji othikoni tatu, ilizidi kilo 100, na ilidai taa kali mpaka waigizaji wakalowa jasho kabla hata ya kusema neno. Plumbicon ikaondoa sehemu kubwa ya adha hiyo, lakini nayo ilikuja na macho yake. Zile za mwanzo zilikuwa dhaifu kwenye wekundu uliokolea. Taa au mshumaa ukipita mbele ya lenzi uliacha mkia wa rangi nyuma yake. Halafu kuna jambo lililozihusu tyubu zote: zilibeba tofauti ndogo tu kati ya mwanga na kiza. Ndiyo maana watangazaji wa Ulaya na Marekani walikatazwa mashati meupe, wakavaa ya buluu hafifu ili kwenye kioo yaonekane meupe.

Sasa ichukue kamera hiyo uiweke Unguja, Ijumaa mchana, watu wanatoka msikitini na kanzu zao juani. Fundi ana mambo mawili ya kuchagua. Akiifunga lenzi kanzu zionekane nyuzi zake, nyuso zinageuka vivuli. Akiifungua nyuso zionekane, kanzu zinaungua na kuwa weupe mtupu usio na mkunjo. Hakuna njia ya katikati isiyomgharimu kitu. Miaka hamsini baadaye mtu anaitazama picha kama hiyo na kusema wapigapicha wa zamani hawakujua kazi. Au anaitazama leso ya kisutu begani mwa bibi harusi na kuandika kwamba wekundu wa zamani ulikuwa hivi au vile. Anasoma udhaifu wa tyubu akidhani anasoma rangi ya kitambaa. Ukiwa na kamera ya aina ileile, inayowaka, unaiwekea kisutu mbele na suala linakwisha siku hiyohiyo. Kanda peke yake haiwezi kukujibu, hata uinakili mara mia.

Na kuna picha ambazo hazikuwa na kitu kingine chochote nyuma yake isipokuwa kamera. BBC ilipoanza kurusha tamthilia ya Doctor Who mwaka 1963, ile michoro ya utangulizi inayotiririka na kujikunja haikuchorwa na mkono wa mtu. Msanifu Bernard Lodge na mafundi wa BBC waliielekeza kamera kwenye monita iliyokuwa ikionyesha picha ya kamera hiyohiyo, picha ikawa inajirudia ndani yake yenyewe na kuzaa mawimbi. Hapo ukisema kamera ni chombo tu, nitakuuliza: chombo cha kupigia nini? Hakukuwa na mandhari wala kikaragosi. Kilichopigwa ni tabia ya mashine.

Tuje kwenye hiyo sera yenyewe ya kutunza kanda. Ingekuwa hoja nzito kama wenyewe wangeitekeleza. BBC ilifuta maelfu ya kanda zake za miaka ya 1960 na 1970 kwa sababu kanda zilikuwa ghali na zingeweza kurekodiwa upya. Vipindi tisa vya Doctor Who vilivyodhaniwa vimepotea kabisa viliibuka kwenye kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, na dunia ikatangaziwa mwaka 2013. Watu walisherehekea, nami nikafurahi pamoja nao. Lakini vilivyopatikana Jos vilikuwa nakala za filamu, zilizopigwa kutoka kwenye kioo, na nakala za namna hiyo zimekwisha kupoteza ule mwendo laini wa video, picha 50 za nusunusu kwa sekunde. Kuna mbinu ya kompyuta iitwayo VidFIRE inayotumiwa kuurudisha. Walioibuni walijua wanachokirudisha kwa sababu walijua kamera za video zilivyokuwa zikiona. Mtu asiyejua angeiacha picha ikatikekatike, akaita hiyo ndiyo asili.

Mfano mchungu zaidi uko Marekani. Julai 1969 wanaanga wa Apollo 11 walipiga hatua zao mbele ya kamera ndogo ya Westinghouse, iliyotuma mistari 320 kwa picha 10 kila sekunde, mfumo ambao hakuna televisheni ya nyumbani iliyoweza kuupokea. Basi kwenye vituo vya ardhini picha ile ikaonyeshwa kwenye monita maalumu, na kamera ya kawaida ya televisheni ikaelekezwa kwenye monita hiyo. Kile ambacho mamilioni walikiona usiku ule kilikuwa picha ya picha. Kanda zilizobeba mawimbi ya asili yaliyotoka mwezini, yaliyo safi kuliko yote yaliyorushwa, zilitafutwa kwa miaka, na mwaka 2009 NASA ikakubali kwamba inaelekea zilifutwa na kurekodiwa mambo mengine. Kwa hiyo kanda, ambayo tunaambiwa ndiyo yenye thamani, imefutwa na watunzaji wake. Kamera bado ipo palepale ilipoachwa, juu ya mwezi, kwa kuwa hakukuwa na afisa ugavi wa kuipiga mnada.

Hapo mpinzani wangu hubadilisha njia. Anasema: sawa, basi tutaigiza. Programu za kuhariri siku hizi zina kitufe cha kila kitu. Unabonyeza, picha ya simu inapata mikia ya rangi, mistari, kingo zilizolegea, na mtoto wa miaka ishirini anapata hamu ya miaka asiyoijua. Nimeviona vitufe hivyo. Vingi vinaweka makosa ya kaseti ya VHS iliyochezwa mara nyingi juu ya picha ambayo kamera ya studio isingeitoa kamwe. Vinaigiza uigizaji wa watu wengine, na kila mwaka vinasogea mbali zaidi na kitu chenyewe.

Mchile Pablo Larraín alipotengeneza filamu yake No ya mwaka 2012, kuhusu kura ya maoni ya 1988 iliyomwondoa dikteta Pinochet, angeweza kubonyeza kitufe. Hakubonyeza. Yeye na timu yake walisaka kamera chakavu za tyubu za Ikegami za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakachukua vipuri kwa hii na ile, wakapata za kufanyia kazi, wakapiga filamu nzima kwazo. Sababu ilikuwa ya kiufundi kabisa: filamu ilichanganya matangazo halisi ya kampeni ya 1988 na waigizaji wa leo, na jicho lisingekubali kama mshono ungeonekana. Haukuonekana. Mwaka uliofuata Mmarekani Andrew Bujalski akatoa Computer Chess, iliyopigwa kwa kamera ya tyubu ya Sony ya weusi na weupe, ya kizazi cha mwishoni mwa miaka ya 1960. Zile kamera walizitoa wapi? Hawakwenda dukani. Walizipata kwa sababu kuna watu, wale wale mnaowacheka, walikuwa wamezificha zisiende kwenye mzani wa vyuma.

Kisha linakuja la simu, na hili husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda: simu yangu ya mfukoni inapiga picha kali kuliko hilo dude lako. Kweli inapiga. Sijawahi kumsikia mkusanyaji yeyote akidai vinginevyo, na sioni ushindi uko wapi. Novemba 1969 Alan Bean wa Apollo 12, akiwa anaihamisha kamera ya rangi mwezini, aliielekeza juani kwa muda mfupi tu. Tyubu ikaungua, na matangazo ya picha ya safari hiyo kutoka juu ya mwezi yakafia hapo. Simu yako ukiielekeza juani haifi, na kwa sababu hiyo hujui kwa nini kila mpigapicha wa zama zile alikuwa na mazoea ya kuziba lenzi kabla hajageuka, wala kwa nini picha nyingi za machweo ya miaka hiyo zilikatishwa mapema kuliko ulivyotamani.

Hebu tuifungue moja tuone. Ikegami HL-79, ya begani, iliyoenea kwenye vyumba vya habari mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Nyuma ya lenzi kuna prizimu ya kioo inayougawa mwanga mara tatu: nyekundu, kijani, buluu. Kila rangi inaingia kwenye tyubu yake, yenye kipenyo cha milimita 18 hivi, iliyovikwa koili za waya wa shaba zinazouongoza mwale wa elektroni mstari kwa mstari. Tyubu tatu, picha tatu, na zote zinapaswa kuangukiana pasipo kupishana hata kwa unene wa unywele. Haziangukiani zenyewe. Asubuhi fundi anaiwasha kamera, anaiacha ipate joto, anaweka mbele yake chati yenye mistari myeupe iliyokatana. Kwenye monita anaona mistari mitatu mahali palipo na mmoja. Kijani haguswi, ndiye nguzo. Fundi anashika bisibisi ndogo ya plastiki, kwa kuwa ya chuma ingeuvuruga usumaku wa koili, anaisogeza nyekundu mpaka ikae juu ya kijani, anapumua, anaanza na buluu. Katikati ya picha hukubali upesi. Pembe ndizo zinazotesa: ukiinyoosha ya juu kulia, ya chini kushoto inakimbia. Akimaliza, mistari yote ni myeupe, na kamera iko tayari kwa kazi. Kufika alasiri joto limepanda, mistari imeanza kuachana tena, na midomo ya msomaji wa habari imeota ukingo mwekundu upande mmoja.

Ukingo huo mwekundu ni saa. Anayejua kamera anaweza kuitazama kanda isiyo na tarehe wala maelezo akakwambia kwamba kipindi hiki kilirekodiwa mwisho wa siku ndefu, kwenye studio isiyopoa vizuri, na kwamba fundi hakupewa nafasi ya kuirekebisha katikati. Ujuzi huo haumo kwenye kanda. Umo kwenye vidole vya watu waliofanya kazi hiyo, na vidole havikumbuki mpaka viwekewe kitu cha kushika. Kule Uingereza mradi wa ADAPT wa chuo cha Royal Holloway uliwakutanisha wastaafu wa BBC na mitambo ya enzi zao, na mitambo hiyo ilikuwapo kwa sababu ya wakusanyaji. Gari la matangazo ya nje la mwaka 1969 liitwalo North 3, mathalani, lilinusurika mikononi mwa wapenzi binafsi. Wastaafu wale ukiwahoji mezani walitoa maelezo ya jumla. Ukiwasimamisha mbele ya mtambo, mikono ilitangulia mdomo.

Sasa nigeuke kidogo niwaseme wenzangu, maana wao pia wamewapa wapinzani silaha. Kuna wakusanyaji wanaosaka ganda. Wanataka TK-41 yenye nembo inayong'aa, waiweke sebuleni, wageni wapige nayo picha. Ndani hamna kitu. Nyumba zinazokodisha vifaa vya filamu na maonyesho kwa miaka mingi zimekuwa zikinunua kamera za kale na kuzitoa matumbo ili ziwe nyepesi kubebwa, na soko likazoea kuiita hiyo kamera. Dalali naye huing'oa lenzi kwanza, kwa kuwa lenzi inaweza kufungwa kwenye kamera mpya na inauzika haraka. Kebo huchomwa wapate shaba. Sanduku la udhibiti, ambalo ndilo nusu ya kamera, hutupwa kwa sababu halifanani na kamera. Kinachobaki ni boksi lenye tundu, nacho kinaitwa adimu na kupewa bei.

Kwangu adimu ni mnyororo mzima: kichwa cha kamera, sanduku la udhibiti, usambazaji wa umeme, kitabu cha michoro ya saketi, na kebo. Mwindaji mwenye akili haanzi na kamera, anaanza na kebo. Kebo za kamera za studio za zamani zilikuwa na nyaya zaidi ya 80 ndani ya ganda moja, na plagi zake zilitengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo tu. Ukipata kamera bila kebo, umepata sanamu. Ukipata kebo nzima kwenye stoo ya kituo kilichofungwa, tulia, uliza taratibu, kwa sababu kamera yake haiko mbali. Na ukiipata, usiibebe ikiwa imetazama chini. Chembe zilizolegea ndani ya tyubu zitaangukia uso wake, na kuanzia siku hiyo kila picha itakuwa na madoa. Wengi wameua tyubu iliyoishi miaka arobaini kwa safari moja ya gari kutoka stoo hadi nyumbani.

Kamera hizi hazikutengenezwa kwa wingi wa Leica. Za studio zilihesabiwa kwa mamia, zikizidi sana maelfu machache, na wanunuzi walikuwa vituo vya utangazaji, majeshi, vyuo. EMI 2001 ya Uingereza, yenye tyubu nne na lenzi ya zumu iliyofichwa ndani ya mwili wake, ilipendwa na wapigapicha wa BBC mpaka ikabaki kwenye studio za Elstree hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.  Watengenezaji wenyewe hawapo wa kuulizwa: RCA ilitangaza mwaka 1985 kwamba inaufunga mkono wake wa vifaa vya utangazaji, na EMI, Pye na Marconi nazo ziliacha biashara ya kamera. Mchoro wa saketi ukipotea, umepotea. Huko Marekani ukitaka kuona kamera hizo zikiwa zinaheshimiwa unakwenda Early Television Museum mjini Hilliard, Ohio, au Museum of Broadcast Technology kule Woonsocket, Rhode Island. Zote mbili zimejengwa na mapenzi ya watu binafsi. Kampuni zilizovuna utajiri kwa kamera hizo hazikuzijenga.

Kwetu habari ni fupi lakini ina uzito wake. Televisheni ya Kenya ilianza mwaka 1962, ya Uganda 1963, na Zanzibar ikaingia moja kwa moja kwenye rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za bara hili hazikuwa nayo. Tanzania Bara, ambako serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa, ilisubiri hadi mwaka 1994. Kufikia hapo tyubu zilikuwa zimekwisha kupisha chipu za CCD duniani kote. Kwa hesabu hiyo, Mtanzania wa Bara anayetaka kuona macho yaliyoiona nchi yake kwa rangi kabla ya miaka ya 1990 hana budi kuvuka bahari, na akifika Unguja atafute kwa haraka. Kamera iliyopiga sherehe za Mapinduzi za miaka hiyo ni mali ya historia kwa kiwango kilekile cha mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe. Mlango una sheria ya kuulinda. Kamera ina fomu ya kuifuta kwenye daftari la mali.

Hata waandishi wetu wakubwa tunawafundisha nusunusu. Kila mwanafunzi wa habari Nairobi ametajiwa mpigapicha Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia, zilizorushwa na BBC Oktoba 1984 kwa sauti ya Michael Buerk, ziliitikisa dunia. Wanafunzi wanajua alipoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 na akarudi kazini na mkono wa bandia. Waulize kamera ya begani ya wakati ule ilikuwa na uzito gani, na kwa nini kabla ya Betacam ya mwaka 1982, kamera iliyobeba kaseti yake yenyewe, mpigapicha na mrekodi walitembea wamefungana kwa waya, mmoja na kamera, mwingine na mashine ya kaseti, mmoja asiweze kukimbia bila mwenzake. Hawajui, kwa kuwa hawajaibeba. Wakiibeba kwa dakika kumi wataelewa mambo mengi kuhusu habari za miaka hiyo: kwa nini picha zilitulia, kwa nini zilipigwa kutoka usawa wa bega la mtu aliyesimama, na kurudi kazini na mkono mmoja kulimaanisha nini.

Najua litakalofuata: nchi zina hospitali za kujenga, nani atalipia stoo ya makamera? Hoja hii hutolewa kwa uso wa huruma, na mara nyingi hutolewa na ofisi ambayo mwaka huohuo imebadilisha samani za mkurugenzi. Sijaomba jumba la makumbusho. Sijaomba hata kwamba kila kamera itunzwe, maana stoo isiyokataa kitu hugeuka jalala, na kamera ya saba ya aina ileile ina kazi nzuri zaidi ya kuwapa spea wenzake sita. Naomba rafu moja, na mchana mmoja wa fundi mstaafu.

Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kiliwahi kuniambia vifaa vyake vya zamani vimekwisha kuuzwa kwa kilo. Nilipouliza kama kuna aliyezungumza na mafundi kabla ya mzani kuletwa, nilijibiwa kwamba mafundi hawakuwemo kwenye kamati ya uuzaji. Basi tuanzie hapo, kwa kuwa hapo hapagharimu kitu: kamati isikae bila fundi. Kabla ya mnada, kichwa cha kamera kitafutiwe sanduku lake la udhibiti na kebo yake, vifungwe pamoja kwa kamba na kuuzwa kama kitu kimoja, asiyevitaka vyote asivipate. Mstaafu aliyekuwa akizirekebisha apigiwe simu, alipwe nauli, arekodiwe akiwa ameishika bisibisi yake. Na kitabu cha michoro kiwekwe kwenye mfuko wa nailoni, kifungiwe ndani ya sanduku hilohilo la udhibiti, kisikae kabatini kwa katibu muhtasi, maana ofisi huhama na makabati hubaki.